Marcel Duchamp: msanii aliyeacha rangi akafuata sataranji, na nusu pointi aliyoipata Hamburg

Hamburg, Ujerumani, mwezi wa saba mwaka wa 1930. Timu 18 zimekusanyika kwa Olimpiadi ya tatu ya sataranji, mchezo ambao kwetu wengi wanaujua kwa jina lake la Kifaransa, échecs. Kila nchi inapanga wachezaji wanne kwenye meza nne, na kila timu inapaswa kukutana na zote zingine. Siku ambayo Ufaransa inapambana na Marekani, kwenye moja ya meza hizo wamekaa wanaume wawili ambao mtu yeyote aliyefuata mchezo huo wakati ule asingewaweka kwenye mizani moja.

Upande wa kete nyeupe yuko Frank Marshall, mzaliwa wa New York, miaka 52, bingwa wa Marekani tangu mwaka wa 1909. Huyu ni mtu aliyecheza na mabingwa wa dunia karibu wote wa wakati wake. Upande wa kete nyeusi yuko Mfaransa mwembamba, mtulivu, anayekaribia kutimiza miaka 43. Jina lake ni Marcel Duchamp. Wengi katika dunia ya sanaa wanalijua jina hilo vizuri sana, lakini katika ukumbi huo yeye ni mchezaji wa kawaida tu, mmoja wa wale ambao timu kubwa zinawahesabia pointi hata kabla hawajakaa.

Mchezo ukaisha sare. Marshall hakushinda.

Kwa mtu asiyejua sataranji, sare ni jambo dogo. Ni kama mupira wa sifuri kwa sifuri, watu wanarudi nyumbani wamenyamaza. Lakini katika mashindano ya sataranji anayeshinda anapata pointi moja, anayeshindwa anapata sifuri, na sare inagawa pointi hiyo nusu kwa nusu. Kwa bingwa, nusu pointi mbele ya mchezaji mdogo ni hasara, inaandikwa kwenye jedwali na kubaki pale. Kwa mchezaji mdogo, nusu ile ile inaweza kuwa kitu kikubwa kuliko vyote alivyopata katika maisha yake ya mchezo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Duchamp. Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma, mpaka kijijini Normandie.

Mtoto wa noteri

Marcel Duchamp alizaliwa tarehe 28 mwezi wa saba 1887 huko Blainville-Crevon, kijiji kilicho karibu na mji wa Rouen. Baba yake, Eugène, alikuwa noteri, mtu wa karatasi na mihuri, aliyeheshimiwa na wakaaji wa pale. Babu yake upande wa mama, Émile Nicolle, alikuwa mchoraji. Damu ya babu ndiyo iliyoshinda: kati ya watoto sita waliokua katika nyumba ile, wanne walikuwa wasanii. Kaka mkubwa, Gaston, alijulikana kwa jina la Jacques Villon. Raymond alikuwa mchongaji. Suzanne, dada aliyemfuata Marcel, alikuwa mchoraji naye.

Kaka hao wawili ndio waliomfundisha Marcel sataranji, akiwa na miaka 13 hivi. Mwaka wa 1910 alichora picha inayowaonyesha wakicheza bustanini, wake zao wakiwa pembeni. Tayari mambo mawili ya maisha yake yalikuwa yamekutana kwenye kitambaa kimoja, ingawa wakati ule hakuna aliyejua ni lipi lingelimeza lingine.

Mwaka wa 1912 alimaliza picha iliyomletea jina: mtu uchi anashuka ngazi, lakini amechorwa kwa vipande vipande, kama vile mwendo wake wote umewekwa juu ya kitambaa kwa mara moja. Alipoipeleka kwenye maonyesho ya Paris, wenzake waliosimamia ukumbi hawakuipenda, hasa jina lake. Waliwatuma kaka zake mwenyewe kumwomba alibadilishe. Marcel hakubishana. Alichukua taksi, akaenda kuichukua picha yake, akairudisha nyumbani. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha, na tangu siku hiyo hakutaka tena kuwa mtu wa kundi lolote.

Mwaka uliofuata picha hiyo hiyo ilivuka bahari ikaonyeshwa New York. Magazeti ya Marekani yaliicheka, watu walipanga mistari kuiona, na mfanyabiashara mmoja wa San Francisco akainunua kwa dola 324. Duchamp alikuwa Paris, akifanya kazi ya biblioteki ili apate mshahara mdogo na muda mwingi wa kufikiri.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, kaka zake waliitwa jeshini. Yeye alikataliwa kwa sababu ya moyo wake usiopiga vizuri. Mwaka wa 1915 alikwenda New York, na kule akakuta kwamba tayari ni mtu maarufu. Walter na Louise Arensberg, tajiri na mke wake waliopenda sanaa, walimpa mahali pa kukaa, na yeye akawaahidi kazi kubwa ya kioo aliyokuwa anaitengeneza. Nyumbani kwao watu walikunywa, walibishana, na karibu kila usiku walicheza sataranji mpaka saa za alfajiri.

Ni katika miaka hiyo alipofanya jambo ambalo mpaka leo linagawanya watu. Alikuwa ameanza kuchukua vitu vya kawaida kutoka dukani, gurudumu la baiskeli, beleshi la kuondolea theluji, na kuvipa jina la kazi ya sanaa bila kuvibadilisha sana. Mwaka wa 1917 alipeleka kwenye maonyesho ya New York chombo cha kukojolea cha wanaume, kimelazwa chali, kimetiwa saini ya jina la uongo, R. Mutt. Kanuni ya maonyesho ilisema kila anayelipa ada anaonyesha kazi yake. Hata hivyo chombo hicho kilifichwa, na Duchamp, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa shirika lile, akajiuzulu. Chombo chenyewe kilipotea. Kinachoonekana leo katika majumba ya makumbusho ni nakala zilizotengenezwa baadaye. Mwaka wa 2004, wataalamu 500 wa sanaa waliulizwa Uingereza ni kazi gani ya karne ya 20 iliyoathiri wengine kuliko zote, na wengi wakataja hiyo. Mimi nakiri kwamba bado sijui niseme nini juu yake, lakini habari yetu leo si chombo hicho.

Buenos Aires, na ugonjwa usiotibika

Mwaka wa 1918 Marekani nayo ilikuwa vitani. Duchamp alipanda meli kwenda Argentina. Alikaa Buenos Aires miezi kama tisa, hakujua watu wengi, Kihispania chake kilikuwa kidogo. Huko ndiko sataranji ilikoacha kuwa mchezo wa jioni na kuwa kazi.

Alijiunga na klabu. Alichukua mwalimu. Alisoma michezo ya Capablanca, kijana wa Cuba ambaye miaka mitatu baadaye angekuwa bingwa wa dunia, akiipanga upya kete kwa kete peke yake chumbani. Alichonga kete zake mwenyewe kwa mbao. Farasi peke yake alimwachia fundi wa pale. Akatengeneza pia mihuri midogo yenye picha za kete, ili aweze kucheza kwa barua na rafiki yake aliyebaki New York. Katika barua alizoandika wakati huo alikiri kwamba mchana na usiku hafikirii jambo lingine, na kwamba uchoraji unamvutia kila siku kidogo zaidi.

Huko huko ndiko habari ilikomfikia kwamba kaka yake Raymond amekufa, mwezi wa kumi 1918, kwa ugonjwa alioupata jeshini. Mmoja wa wale wawili waliomfundisha kusogeza kete alikuwa ameondoka.

Aliporudi New York mwaka wa 1920 alijiunga na klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1915 na mtu tuliyemtaja mwanzoni: Frank Marshall. Kwa hiyo Marshall hakuwa kwake jina la gazetini tu. Alikuwa mwenye nyumba. Wanachama walikuja kwake kulipa ada, kucheza, na kumtazama akipambana na watu wengi kwa wakati mmoja, akipita meza kwa meza. Kati ya Marshall na mwanachama wa kawaida kulikuwa na umbali ambao kila mmoja aliujua bila kuambiwa.

Lazima tuseme kidogo juu ya Marshall, kwa sababu bila kumjua yeye sare ya Hamburg haina ladha. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Alijaribu mwaka wa 1907 mbele ya Emanuel Lasker na hakupata ushindi hata mmoja. Mwaka wa 1909 Capablanca, akiwa bado kijana asiyejulikana sana, alimpiga vibaya. Lakini katika mashindano alikuwa mtu wa kuogopwa. Alipenda kushambulia, na hata alipokuwa karibu kushindwa alijua kutega mitego ambayo iliwageuzia wengine ushindi wao kuwa kilio. Mchezaji mdogo aliyekaa mbele yake hakuwa na mahali pa kupumzika. Na kwenye sataranji mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, yaani anatangulia kwa hatua moja. Kati ya watu wenye nguvu sawa hatua hiyo ni kitu kidogo. Mkononi mwa bingwa anayetafuta pointi nzima, ni kitu kingine.

Mwaka wa 1923 Duchamp aliacha kazi yake kubwa ya kioo, aliyoifanya kwa miaka minane, bila kuimaliza. Akarudi Ulaya. Kwa miezi kadhaa alikaa Bruxelles, na huko Ubelgiji ndiko alikocheza mashindano yake makubwa ya kwanza, akashika nafasi ya tatu. Watu wa sanaa walianza kusema kwamba Duchamp amekufa kisanii: ana miaka 36, ana jina, wanunuzi wako tayari, naye anapanda treni kwenda kucheza na watu ambao hawajawahi kusikia habari zake.

Alicheza mashindano ya ubingwa wa Ufaransa mara nyingi, hakushinda hata mara moja. Mwaka wa 1924 alikuwa bingwa wa Haute-Normandie, eneo la nyumbani kwao. Mwaka wa 1925 mashindano ya ubingwa yalifanyika Nice, na ni yeye aliyechora tangazo lake, mchoro wenye vijisanduku vinavyoanguka mmoja juu ya mwingine nyuma ya kivuli cha mfalme. Shirikisho la Ufaransa lilimpa cheo cha mwalimu wa mchezo. Tangu mwaka wa 1924 mpaka 1933 alivaa rangi za timu ya taifa, Paris, La Haye, Hamburg, Prague na Folkestone.

Alikuwa anaishi na nini? Kidogo. Aliuza sanamu za rafiki yake Brancusi kwa niaba ya wengine, alikaa katika vyumba vidogo, hakuwa na mahitaji mengi. Katika filamu ya René Clair ya mwaka wa 1924 anaonekana akicheza na Man Ray juu ya dari la jumba moja Paris, mpaka maji yenye nguvu yanakuja kuzifagia kete zote. Watazamaji walicheka. Yeye, tangu arudi Ulaya, alikuwa amefanya mchezo huo kuwa kazi ya kila siku.

Mwezi wa sita 1927 alioa. Mke alikuwa Lydie Sarazin-Levassor, binti wa familia ya viwanda vya magari. Rafiki zake walisimulia kwamba katika siku za fungate bwana harusi alikesha usiku akitafuta majibu ya mafumbo ya sataranji, mpaka usiku mmoja, alipolala, bibi harusi akaamka na kugandisha kete zote kwenye ubao kwa gundi. Man Ray ndiye aliyeieneza habari hiyo, na Man Ray alipenda hadithi nzuri; lakini hakika ni kwamba mwezi wa kwanza 1928 walikuwa wameachana, na Lydie alikuwa na kila sababu.

Meza ya Hamburg

Sasa turudi Hamburg. Timu ya Ufaransa mwaka huo ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: Alexandre Alekhine, bingwa wa dunia, Mrusi aliyepata uraia wa Ufaransa. Alekhine alicheza michezo tisa na kushinda yote tisa. Lakini timu ina meza nne, na bingwa mmoja hawezi kukaa kwenye zote. Nyuma yake Wafaransa walikuwa watu wa kawaida, na Duchamp kati yao alikuwa na kazi ngumu. Katika Olimpiadi zote alizocheza alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na sare zake zilikuwa nyingi kuliko ushindi wake. Ukilisoma jedwali kwa haraka utasema ni mtu aliyeziba nafasi tu.

Sipendi kulisoma hivyo. Fikiria hali yake. Siku baada ya siku, kwa wiki mbili, anakaa mbele ya mtu anayemzidi. Saa ziko mezani, mbili pamoja, kila mmoja na yake. Hawezi kutegemea kipaji, kwa sababu aliye mbele yake anacho zaidi. Anachoweza ni kutokosea. Mtu anayetafuta sare mbele ya mkubwa hana ruhusa ya kosa hata moja, wakati mkubwa anaweza kukosea kidogo na bado akashinda. Na sare yenyewe hupatikana kwa njia chache: wachezaji wakubaliane, hali ile ile irudi mara tatu, kete zilizobaki zisitoshe kumkamata mfalme, au mfalme abanwe bila kushambuliwa na upande wake ukose pa kwenda. Kufika kwenye mojawapo ya milango hiyo ukiwa na kete nyeusi mbele ya Marshall, unahitaji saa kadhaa za uvumilivu.

Duchamp alikuwa na uvumilivu. Waliocheza naye walisema hakuwa mtu wa kujitupa. Alicheza kwa kanuni, alipenda mawazo ya Nimzowitsch, mwalimu wa mtindo mpya aliyefundisha kumzuia mpinzani kwanza kabla ya kumshambulia. Inashangaza kidogo. Mtu aliyevunja kila kanuni ya sanaa, alipofika kwenye ubao akawa mwanafunzi mtiifu. Mbele ya mshambuliaji kama Marshall, utiifu huo ulikuwa ngao.

Marshall hakupata pa kupita. Wakagawana pointi.

Hakuna gazeti kubwa lililoandika habari hiyo kwenye ukurasa wa kwanza. Olimpiadi ilishindwa na Poland, timu ya Rubinstein na Tartakower. Wamarekani walirudi nyumbani bila kombe, lakini mwaka uliofuata walianza mfululizo wa ushindi mara nne, 1931, 1933, 1935 na 1937, Marshall akiwa bado kati yao. Nusu pointi ya Duchamp ilibaki mstari mmoja katika matokeo. Ila michezo ya sataranji huandikwa hatua kwa hatua, na huo uliandikwa. Mtu yeyote leo anaweza kuupanga tena kwenye ubao wake.

Mwaka mmoja kabla, Paris, alikuwa amefanya jambo ambalo wengine wanaona ni kubwa zaidi: alimshinda George Koltanowski, Mbelgiji wa Antwerpen, kwa hatua 15 tu. Koltanowski alikuwa mchezaji wa nguvu kuliko yeye, na mwaka wa 1937 angeweka rekodi ya dunia kwa kucheza na watu 34 kwa mara moja bila kuona ubao hata mmoja. Lakini ushindi wa hatua 15 maana yake ni kwamba mwenzako amejikwaa mapema. Sare na Marshall haikuwa zawadi ya kosa la mtu. Kwa maoni yangu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi Duchamp alikuwa mchezaji wa namna gani.

Je, alijua kwamba hatafika juu? Alijua. Alianza kusoma kwa bidii akiwa na miaka 31, wakati mabingwa wanaanza wakiwa watoto. Karibu na mwaka wa 1930 alikuwa ameshakubali kwamba hatakuwa mmoja wa wakubwa, na hata hivyo aliendelea. Prague 1931. Folkestone 1933.

Mwaka wa 1932 alitoa kitabu pamoja na Vitaly Halberstadt, mtunzi wa mafumbo ya sataranji. Kilichapwa kwa lugha tatu, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, na kinahusu jambo moja dogo sana: mwisho wa mchezo, wakati karibu kete zote zimeondoka na wamebaki wafalme wawili na askari wachache waliozibiana njia. Hapo hakuna shambulio. Wafalme wanasimama wakitazamana, nafasi moja katikati yao, na yule ambaye ni zamu yake kusogea ndiye anayepoteza, kwa sababu kusogea ni kumpisha mwenzake. Kila mmoja anatamani mwingine aanze. Duchamp na Halberstadt walipima kila nafasi ya ubao na kuonyesha ni ipi inajibiwa na ipi. Kazi ya miezi na miezi. Duchamp mwenyewe alikiri baadaye kwamba hali hizo karibu hazitokei kamwe katika mchezo wa kweli, na kwamba hata mabingwa hawakukihitaji kitabu hicho.

Niliposoma habari hiyo nilicheka, halafu nikafikiri tena. Wazee wanaocheza dama kwa vifuniko vya chupa kando ya barabara wanaijua hali hiyo: vimebaki vitatu kwa viwili, hakuna anayetaka kutangulia, na watazamaji wamenyamaza. Pale ndipo mchezaji mdogo anapomshika mkubwa.

Folkestone ilikuwa ya mwisho. Mwaka huo alitafsiri kwa Kifaransa kitabu cha Znosko-Borovsky juu ya namna ya kuanza mchezo, akacheza bado kwa barua, na mwaka wa 1937 akaandika ukurasa wa sataranji katika gazeti la Paris, Ce Soir. Kisha vita vikaja tena. Mwaka wa 1941, Wajerumani wakiwa wameshika Paris, alipita mara kadhaa vizuizi vyao akijifanya mfanyabiashara wa jibini, fromage kama ile tunayoijua ya Masisi, kumbe ndani ya valizi alikuwa amebeba nakala ndogo ndogo za kazi zake zote. Mwaka wa 1942 alifika New York.

Huko alikutana tena na Koltanowski. Mwezi wa kwanza 1945, katika jumba la maonyesho la Julien Levy, Mbelgiji huyo alicheza na watu saba kwa mara moja bila kuona ubao: wachoraji Max Ernst na Dorothea Tanning, Levy mwenyewe, na wengine. Duchamp ndiye aliyesoma hatua kwa sauti, akienda meza kwa meza. Koltanowski alishinda sita. Mmoja peke yake, Frederick Kiesler, fundi wa michoro ya majengo, alipata sare. Natamani ningeona uso wa Duchamp alipotangaza matokeo hayo.

Mwaka wa 1954 alioa tena, na safari hii mke, Alexina, aliyeitwa Teeny, alicheza sataranji naye kila siku. Mwaka wa 1955 alipata uraia wa Marekani. Alisaidia kuchangisha pesa kwa wachezaji wa Marekani, aliwaomba rafiki zake wasanii watoe kazi zao ziuzwe kwa ajili hiyo. Dunia nzima iliamini kwamba ameacha sanaa zamani. Haikuwa kweli: kwa miaka 20, tangu 1946 mpaka 1966, alitengeneza kwa siri kazi moja kubwa ambayo iliwekwa wazi Philadelphia mwaka wa 1969, yeye akiwa ameshazikwa.

Tarehe 5 mwezi wa tatu 1968, huko Toronto, Canada, alipanda jukwaani na mwanamuziki John Cage, mwanafunzi wake wa sataranji. Ubao ulikuwa umeunganishwa na nyaya, kila hatua ikibadilisha sauti zilizosikika ukumbini. Duchamp alimwachia Cage farasi mmoja, yaani alianza na kete pungufu ili nguvu zikaribiane kidogo. Alimshinda hata hivyo, bila kuchelewa. Halafu Cage akakaa na Teeny kuanza mchezo mwingine. Watazamaji waliondoka mmoja mmoja, usiku ukaingia sana, na mchezo ukasimamishwa kabla haujaisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa kumi mwaka huo huo, nyumbani kwake Neuilly, karibu na Paris, Duchamp alikula chakula cha jioni na rafiki zake, Man Ray akiwa mmoja wao. Wageni walipoondoka, alikufa, akiwa na miaka 81. Alizikwa Rouen, katika kaburi la familia yake, pamoja na kaka waliomfundisha kucheza.